Vifaranga vya sato kutoka Muheza hadi Tanga mjini: hawa wanajua kumsafirisha samaki

Naanza na hukumu, maana wengi mnataka jibu kabla ya maelezo. Kama una bwawa Tanga mjini, Pongwe au Amboni na unatafuta vifaranga vya sato, nunua kwa hawa jamaa wa Muheza. Bei yao si ya chini. Kifaranga cha urefu wa kidole gumba wanauza shilingi 250 wakati wapo wanaouza 150, na kukuletea hadi Tanga mjini ni shilingi 15,000, uwe umeagiza mia tatu au elfu moja. Chini ya mia tatu hawawashi gari. Lakini vifaranga vyao vinaishi, na sababu ya kuishi kwao ndiyo iliyonikalisha chini kuandika kirefu hivi, kwa sababu naona wafugaji wenzangu wanalinganisha bei tu na hawaulizi samaki amefungwaje.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na sasa nina mabwawa mawili nyuma ya nyumba upande wa Pongwe. Nalisema hili mapema kwa sababu mengi nitakayoyaeleza nilikuwa nayajua kwa binadamu kabla sijayajua kwa samaki, na dawa mbili zinazohusika nimezishika kwa mikono yangu: adrenalini na haidrokotisoni.

Kabla ya hawa nilinunua kwa muuzaji mwingine, simtaji. Alileta vifaranga kwenye pipa la wazi nyuma ya pikipiki ya magurudumu matatu, jua la saa sita, maji yanaruka kila tuta. Vilifika vinaogelea. Nikalipa, nikashukuru. Siku ya pili vikaanza kuelea, siku ya tatu nikawa naviokota kwa beseni. Nilipompigia akasema maji yangu ni mabaya. Maji yale yale yalikuwa na samaki wakubwa waliokuwa wakila vizuri tu.

Kwa hiyo hawa wa Muheza niliwafuata kwao kwanza, nikaangalie kazi yao kabla ya kutoa senti. Kituo chenyewe ni kidogo, matangi ya zege chini ya miembe, hakina bango la kujivuna. Kilichonishika ni kwamba hakuna anayemkimbiza samaki. Pale pengine nilipopita, vijana wawili wanaingia tangini na wavu, wanazunguka, samaki wanaruka, wavu unainuliwa juu umejaa samaki wanaojipigapiga hewani, wanahesabiwa kwa mkono mmoja mmoja. Hawa wanaanza kwa kupunguza maji ya tangi polepole, hadi samaki wenyewe wanajikusanya upande wenye kina. Wanawazungushia wavu laini wa tundu dogo usio na mafundo, kisha wanawachota kwa bakuli pamoja na maji. Samaki anahesabiwa akiwa majini. Anaingia mfukoni akiwa majini. Hewa haioni.

Nikamwuliza kijana aliyekuwa akichota, "Mwanangu, mbona mnamwaga maji yote haya? Si mngewanasa juu kwa juu?"

Akanijibu bila kuacha kazi, "Mama, samaki ukimkimbiza anakunywa maji kwa mashavu."

Nilimtazama kijana yule kwa heshima. Wapo wataalamu wameandika kurasa nyingi kuelezea jambo hilo, naye amelisema kwa pumzi moja, na amelisema sawasawa.

Niwaeleze nilivyolielewa mimi. Dripu ya chumvi tunayomtundikia mgonjwa ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kwa sababu hapo ndipo inapolingana na damu. Muuguzi yeyote anajua kwa nini hatumtundikii mtu maji matupu: maji yataingia ndani ya seli nyekundu za damu, zitavimba na kupasuka. Maji huelekea penye chumvi nyingi. Damu ya sato nayo ina nguvu ya chumvi inayokaribia ile dripu, lakini yeye anaishi maisha yake yote ndani ya maji ambayo karibu hayana chumvi kabisa. Maana yake ni kwamba kila sekunde maji yanamwingia na chumvi inamtoka. Kwa kinywa hanywi, au anakunywa kidogo mno. Anayapata kupitia matamvua, yaani hayo mashavu, halafu figo zake zinafanya kazi usiku na mchana kuyatoa kama mkojo mwingi mwepesi. Chumvi anayoipoteza anairudisha kwa chakula na kwa seli maalumu zilizomo humo humo kwenye matamvua, zinazoivuta chembe kwa chembe kutoka majini.

Kwa nini matamvua na si ngozi? Nenda soko la samaki Deep Sea asubuhi, funua kifuniko cha shavu la samaki yeyote mbichi. Utaona matao manne kila upande, kila tao lina nyuzi nyekundu zilizopangwa kwa safu. Juu ya kila uzi mmoja kuna vijani vidogo ambavyo macho hayavioni, na kwenye kijani kimoja umbali kati ya maji na damu ni elfu chache tu za milimita. Lazima iwe hivyo, kwa sababu oksijeni ndani ya maji ni haba na samaki anaihitaji ipite haraka. Ila utando mwembamba unaopitisha oksijeni kwa urahisi unapitisha na maji. Ni kama nyumba ya pwani yenye madirisha mapana: ukiyafungua upepo uingie, mvua nayo ina njia.

Samaki aliyetulia hafungui madirisha yote. Damu haipiti kwenye kila kijani. Vingine vinapata kidogo, vingine havipati kabisa, maana akiwa ametulia oksijeni anayoihitaji si nyingi. Sasa mkimbize. Ndani ya sekunde chache adrenalini, homoni ya mshtuko, inamwagika kwenye damu yake. Samaki hana tezi zilizokaa juu ya figo kama sisi. Seli zinazotoa adrenalini, na zile zinazotoa kortisoli, homoni ya pili nitakayoifikia mbele, zimo ndani ya sehemu ya mbele ya figo, karibu na kichwa. Adrenalini inapanua njia za damu kwenye matamvua, presha inapanda, damu inasukumwa hadi kwenye vijani vilivyokuwa vimelala. Anapata oksijeni zaidi ya kukimbilia. Papo hapo eneo la kupitishia maji limeongezeka, na utando wenyewe unalegea, unapitisha maji kwa wepesi kuliko kabla. Sato anavimba kwa maji. Ukimpima kwenye mizani nzuri, uzito wake umepanda bila kula kitu. Sodiamu na kloridi ya damu yake, yaani hiyo chumvi, inashuka, kwa sababu chumvi inavuja matamvuani na nyingine inatoka na mkojo ambao figo zimelazimika kuuongeza.

Ukimtoa hewani unaongeza balaa lingine. Vile vijani, vikikosa maji ya kuvitenganisha, vinalaliana na kushikana. Samaki anakosa hewa akiwa ndani ya hewa, na adrenalini inapanda zaidi. Ndiyo maana nilifurahi kuona bakuli badala ya wavu wa kuinua.

Hii habari ya adrenalini na maji si ya kubahatisha. Mwaka 1974 watafiti Pic, Mayer-Gostan na Maetz walichapisha kazi yao juu ya mkizi, samaki huyu huyu ambaye wahenga wetu walisema hasira zake ni furaha ya mvuvi. Walimchukua mkizi aliyezoea maji ya bahari, wakaona adrenalini inaongeza upenyaji wa maji kwenye matamvua yake. Mwaka uliofuata wakaonyesha upande wa pili, kwamba adrenalini hiyo hiyo inapunguza kazi ya kutoa chumvi mwilini. Kwa mkizi wa baharini mambo yamegeuka: bahari ina gramu kama 35 za chumvi kwa lita, damu yake ina chini ya nusu ya hapo, kwa hiyo maji yanamtoka na chumvi inamwingia. Wa mtoni akishtuka anajaa maji, wa baharini akishtuka anakauka. Jirani yangu mmoja ana mabwawa ya mwatiko kule pwani, naye huokota vifaranga vyake kwenye vijito vya mikoko maji yakitoka. Nilimweleza hili akanyamaza kidogo, akasema sasa ameelewa kwa nini wale anaowasumbua sana wakati wa kuokota huwa wamenywea na macho yameingia ndani.

Turudi Muheza. Mfuko wanaotumia ni wa nailoni nene, wanauweka miwili, mmoja ndani ya mwingine. Theluthi moja ni maji, theluthi mbili zinajazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi, unafungwa kwa mpira wa kukata wa tairi hadi ukiugonga unalia. Samaki hawajala tangu jana yake, ili wasichafue maji njiani. Mifuko inalazwa kwenye masanduku, inafunikwa kitambaa cheusi. Kirikuu chao kinaondoka baada ya swala ya alfajiri, saa mbili asubuhi wako kwangu kabla jua halijakolea. Giza linasaidia, baridi inasaidia, na dereva wao anapita matuta kama aliyebeba mama mjamzito. Hilo la dereva nalisema kwa makusudi, wapewe sifa yao.

Lakini kitu kilichonifanya niwaamini kabisa nilikipata kwenye ncha ya ulimi. Nilipofungua mfuko wa kwanza nilichovya kidole nikaonja. Kulikuwa na chumvi, ya mbali, inayotambulika. Nikamwuliza dereva.

"Ndiyo mama, tunaweka chumvi ya mawe. Tano tano."

Yaani gramu tano kwa lita. Hapa ndipo mfugaji mwenzangu naomba usome taratibu. Adrenalini huwezi kuizuia yote. Hata umshike samaki kwa upole wa aina gani, kuhamishwa ni kuhamishwa, na dirisha litafunguka. Unachoweza ni kupunguza mvua. Ukiweka gramu tano za chumvi kwenye lita ya maji ya safari umepunguza tofauti kati ya nje na ndani kwa nusu au zaidi. Maji hayana tena haraka ya kuingia, chumvi haina tena haraka ya kutoka, figo zinapumua, na nguvu ambayo samaki angeitumia kupigana na maji anabaki nayo. Ni akili ile ile ya dripu. Tunampa mgonjwa aliyepoteza maji dripu yenye chumvi kwa sababu mwili wake hauwezi kumudu tofauti kubwa wakati umechoka.

Na gharama yake? Ndoo ya lita 20 inataka gramu 100. Sisi watu wa Tanga chumvi inavunwa pwani yetu wenyewe. Kwa shilingi chache unaokoa mzigo wa laki.

Kuna awamu moja waliniangusha. Kijana mgeni alifunga mifuko bila chumvi. Nilijua kwa kuonja, na nilipompigia mkubwa wao hakubisha. Alisema ngoja aulize, akarudi kwenye simu baada ya muda na kukiri. Vifaranga vilikuwa vimefika vyote vizima, vinaogelea vizuri, na mfugaji asiyejua angevimwaga bwawani akaendelea na shughuli. Mimi nilivigawa. Nusu niliviweka kwenye tangi la kando, mjukuu akaniletea madumu ya maji ya bahari kutoka Raskazone. Hesabu yake ni rahisi: bahari ni gramu 35, kwa hiyo dumu moja la bahari kwa madumu sita ya maji ya kisima linakupa gramu tano kwa lita. Nusu nyingine, kwa kuwa tangi lilikuwa dogo, iliingia bwawani moja kwa moja. Siku ya tatu wale wa bwawani wakaanza kutokeza na ukungu mweupe wa nyuzinyuzi ubavuni na kwenye mapezi. Wale wa tangini walikuwa wanapanda juu kuomba chakula.

Kwa nini siku ya tatu, na si siku ile ile? Hapa inaingia homoni ya pili, na ndiyo inayowachanganya wengi. Kortisoli ni kitu kile kile tunachokiita haidrokotisoni kikiwa ndani ya kichupa. Wodini tulikuwa tunajua tofauti yake na adrenalini kwa saa ya ukutani: adrenalini unaiona mgonjwa akibadilika mbele yako, haidrokotisoni unasubiri. Kwa samaki ni vivyo hivyo. Adrenalini inapanda kwa sekunde. Kortisoli inahitaji dakika kuanza kupanda kwenye damu, na kazi yake kwenye matamvua ni ya saa na siku.

Na kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya kukarabati. Kortisoli inaongeza nguvu ya zile seli zinazosukuma chumvi, inakaza viungo kati ya seli na seli ili utando usivuje. Watafiti waliootesha maabara seli za matamvua ya samaki aitwaye trauti waliona kortisoli inaufanya utando ule uwe mgumu kupenyeka. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba homoni za msongo zote ni adui wa samaki. Moja inafungua kwa ajili ya kukimbia, nyingine inakuja nyuma kufunga na kujenga. Tatizo ni pale msongo usipokwisha. Samaki akikimbizwa tangini, akainuliwa hewani, akatikiswa njiani, akamwagwa kwenye maji ya joto tofauti, kortisoli inabaki juu muda mrefu, na kila muuguzi anajua haidrokotisoni ya muda mrefu inafanya nini: kinga inashuka, kidonda hakiponi. Samaki naye anaacha kula, hakui, na ukungu uliokuwa majini siku zote bila kumdhuru unampata ngozi imekwanguka na kinga imelala. Anakufa siku ya tatu kwa kosa la siku ya kwanza. Muuzaji yuko mbali, pesa ameshalala nayo, anakwambia maji yako mabaya.

Hawa walinirudishia idadi ya waliokufa kwenye mzigo uliofuata, bila maneno. Kwa biashara ya vifaranga huku kwetu hilo ni jambo la kusimulia.

Sasa kasoro, maana sijalipwa kusifu.

Ya kwanza ni chumvi yenyewe. Wanaipima kwa mkono. Yule mzoefu mkono wake ni mizani, lakini mgeni ndiye aliyenisababishia vile vifo. Mzani wa jikoni wa dijitali unauzwa kwa bei ya vifaranga mia moja. Nimewaambia, wamecheka kwa adabu, hawajanunua. Wanunue.

Ya pili ni kubwa zaidi kwangu: hawaulizi maji yako ni ya aina gani. Wao wanatumia maji yanayoshuka kutoka milima ya Usambara, maji laini. Sisi tunaochimba visima upande huu wa mapango ya Amboni tuko juu ya mawe ya chokaa. Maji yangu sabuni haitoi povu na birika linaota magamba meupe. Kwa samaki hili si baya hata kidogo. Kalsiamu ya maji magumu inasaidia kuyafunga matamvua, inapunguza upenyaji wa maji na uvujaji wa chumvi. Mwenye maji magumu kama mimi ana kinga ya bure. Mwenye maji ya mvua au ya kijito laini hana, na ndiye anayehitaji chumvi na uangalifu kuliko wote. Swali moja kwenye simu wakati wa kupokea oda lingetosha kumwongoza mteja. Na mwenye kutumia maji ya bomba la mjini, yale ya Mabayani, aambiwe ayaache wazi siku mbili tatu klorini itoke, maana klorini inaunguza huo utando wenyewe tunaouhangaikia.

Ya tatu ni karatasi yao ya maelekezo. Inasema elea mfuko juu ya bwawa robo saa ili joto lilingane, vizuri. Halafu inasema fungua na umwage. Mfuko wa safari ndefu una hewa ukaa nyingi iliyoyeyuka na amonia iliyotoka kwa samaki. Hewa ukaa inayafanya maji kuwa na uchachu, na kwenye uchachu amonia haina sumu kali. Ukiufungua, hewa ukaa inatoka, uchachu unapungua, amonia inakuwa kali. Kwa hiyo ukishaufungua usikae unapiga picha za kutuma kwa ndugu. Ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo kwa dakika chache, kisha watoe samaki. Na yale maji ya mfukoni yasiingie bwawani. Haya yaandikwe kwenye karatasi, ni mistari miwili.

Kuna kasoro ndogo ndogo. Ukubwa wa vifaranga haulingani sana. Katika mia unapata wachache waliowazidi wenzao, na wakubwa huwasumbua wadogo, msongo juu ya msongo. Risiti mpaka uiombe. Simu zao baada ya saa kumi jioni hazipokelewi.

Jambo moja la kufafanua, kwa sababu nimeulizwa na majirani wawili waliosikia neno homoni wakashtuka. Vifaranga vyao ni madume watupu, na kama ilivyo kwa vituo vingi duniani, wanawalisha vichanga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne za mwanzo, kisha wanaacha. Hiyo haihusiani na adrenalini wala kortisoli niliyoisema hapa. Nilipowauliza walinieleza wazi. Ningependa wawaeleze wateja wote kabla hawajaulizwa, kwa maandishi, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua analisha nini familia yake, na jibu lenyewe halina cha kuficha.

Huduma kwa mteja siwezi kuilalamikia. Kijana anafika, anasalimia, "Shikamoo mama," anavua viatu asikanyage ukingo wa bwawa kwa udongo wa barabarani, anashusha sanduku kwa mikono miwili. Mara ya mwisho alinikuta nimevaa miwani nasoma, akasubiri pembeni mifuko ikielea hadi robo saa iishe, hakunihimiza. Akaniambia kwao siku hizi hawaruhusu watoto kugonga tangi kwa fimbo. Nilimwuliza nani aliwafundisha. Akasema mkubwa wao alipoteza mzigo mzima miaka ya nyuma, akaenda kuuliza kwa wavuvi, kwa maofisa wa uvuvi, kwa kila mtu, mpaka akapata.

Ukinunua kwao, au kwa mwingine yeyote, fanya haya matatu. Wapigie ujue samaki wamefungwa saa ngapi. Onja maji ya mfuko. Kama hakuna chumvi, andaa tangi la gramu tano kwa lita na uwaweke humo siku tatu kabla ya bwawa, chini ya kivuli, bila kuwapitiapitia. Na siku ya kwanza usiwape chakula, hata wakipanda juu. Sato anaivumilia chumvi hiyo bila shida yoyote.

Kwa mizani yangu nawapa nne kati ya tano. Ile moja wataipata siku watakayonunua mzani wa chumvi na kurekebisha ile karatasi. Oda wanapokea Jumatatu hadi Alhamisi, wanapeleka Ijumaa na Jumamosi alfajiri, malipo nusu kabla na nusu samaki wakishaingia majini. Pangani hawafiki kwa sasa. Ukiwa huko unakutana nao stendi ya Kange, na hapo beba kitambaa cheusi chako mwenyewe.